Wasifu wa Marehemu Prayun Saengkham, Aliyezungumza na Viti Vitupu

Waheshimiwa watawa, jamaa, majirani wa Non Sai, na nyinyi mliopanda basi tangu alfajiri kuja kumsindikiza marehemu, asanteni kwa kufika. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Amphai, ambaye ndiye huyu anayeusoma. Miwani aliyovaa ameazima kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo akikwama mumvumilie. Leo ni Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024. Kwenye tangazo la maziko neno Alhamisi liliandikwa mara mbili, na wengine mlicheka mkasema bibi kazeeka. Sababu mtaijua kabla hatujamaliza.

Marehemu Prayun Saengkham alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Aprili 1944, hapa hapa kijijini Non Sai, mkoa wa Roi Et, akiwa kifungua mimba wa Mzee Kham na Bi Nuan, wakulima wa mpunga. Inasemekana alilia kwa sauti kubwa hadi mkunga akasema, "Huyu ama atauza samaki ama atahubiri." Hakufanya hata moja kati ya hayo, ingawa kazi aliyokuja kuifanya ilikuwa na kidogo cha yote mawili.

Alisoma shule ya hekalu letu kuanzia mwaka 1951 hadi 1955, akamaliza darasa la nne. Akiwa na miaka kumi na miwili alinyolewa kichwa akaingia utawa mdogo, akajifunza mahubiri ya kuimba. Mnaujua ukuta wa nyuma wa ukumbi wa hekalu, ule uliochorwa Kuzimu, na ule mti wa miiba wanaopandishwa wakosaji huku mbwa wakiwasubiri chini. Siku moja alimchukua mdogo wake, Amphai, mwenye umri wa miaka sita tu, akamsimamisha mbele ya ukuta na kumsemea kila mkosaji kwa sauti yake. "Jamani, miiba hii! Nani kaipanda? Shuka wewe, unanikanyaga!" Amphai alicheka mpaka akajikojolea. Mtawa mkuu alikuwa nyuma yao. Hakumchapa. Alimwambia tu, "Prayun, sauti umepewa. Angalia usije ukaitumia kumpandisha mtu mti huo."

Mwaka 1962, akiwa ameshavua kanzu ya utawa, lilikuja kijijini gari la wauza dawa. Walitundika shuka jeupe kati ya mianzi miwili, wakaonyesha filamu, na kila mkanda ulipokwisha walisimama kwanza wakauza dawa ya minyoo. Filamu za wakati ule zilitoka Bangkok zikiwa bubu. Midomo inacheza, sauti hakuna. Sauti alikuwa nayo mtu mmoja aliyekaa kando ya projekta na maiki mkononi, naye ndiye aliyekuwa shujaa, jambazi, mfalme, bibi kizee na hata mbwa. Mtu huyo jioni ile alikuwa amelewa chakari. Prayun alimvumilia mikanda miwili, na wa tatu akamnyang'anya maiki. Wauza dawa waliondoka naye kesho yake.

Kila kijiji alichofika alikizunguka kabla jua halijazama, akiuliza majina. Nani mlevi hapa? Nani bahili? Nani kaoa juzi? Jioni majina hayo yaliingia kwenye filamu. Mlevi wa kwenye pazia akitumbukia bwawani, Prayun alimpigia kelele, "Mjumbe Sombat! Umekunywa tena ukasema ni maji?" Uwanja ulivunjika mbavu, na mjumbe mwenyewe alicheka kuliko wote, asubuhi akaleta kuku. Kutajwa na Prayun ilikuwa heshima. Watu wazima na akili zao walimbembeleza, "Kaka, leo nitie na mimi japo kidogo."

Hata hivyo hakuwa mtu wa vichekesho tu. Alishika kwamba filamu isiyomrudisha mtu nyumbani akijitazama ni kumaliza mafuta ya jenereta bure. Yeye ndiye aliyewafundisha mabibi wa mkoa huu kusoma alama. Yungiyungi likifumba mchana, mtu kasema uongo. Mtawa akipita na bakuli lake pasipatikane wa kumtilia wali, nyumba hiyo inakwenda kupata msiba. Taa ikizimika bila upepo, roho ya mtu imepungua. Mabibi wakiona yungiyungi tu walishaanza kutafuta vitambaa vya kufutia macho.

Utawa kamili aliuingia msimu wa mvua wa mwaka 1964, kama wavulana wote wa hapa kabla ya kuoa. Kuoa kwenyewe kulianza kwa ugomvi. Mwezi wa Januari 1965, kwenye sherehe ya hekalu kule Phon Thong, alikuwa akimsemea mwanamke aliyefiwa, analia kwa sauti nyembamba, na msichana aliyekuwa akitwanga saladi ya papai bichi pembeni akadakia, "We kaka! Hivyo ndivyo mwanamke anavyolia? Mbona kama mbuzi kafungwa juani?"

Watu wakacheka. Prayun akaona haya, akajibu kwenye maiki, "Basi njoo ulie wewe, bingwa wa papai."

Akaja, na mchi mkononi. Akalia. Uwanja mzima ukalia naye, na muuza dawa hakuuza hata chupa moja kwa kuwa hakuna aliyetaka taa ziwashwe. Msichana huyo alikuwa Sawing. Walioana tarehe 21 Februari 1965, na tangu siku hiyo Prayun hakusema tena sauti ya mwanamke, Sawing alikuwepo. Tarehe 3 Agosti 1966 walipata mtoto wao wa pekee, Rampha.

Filamu iliyowapa jina iliitwa Taa Saba za Mama. Waliinunua nakala yao wenyewe mwaka 1973, walipokwisha kuwa na gari lao. Wazee mnaikumbuka. Mama kipofu anawasha taa saba, si kwa ajili yake maana haoni, ila mwanawe asiogope giza. Anaita, "Uko wapi?" na mtoto anajibu, "Nipo hapa." Mtoto anakua, anamwonea mama yake aibu, anamkimbia, na taa zinazimika moja moja hadi mama anakufa peke yake. Binti anafikishwa mbele ya Mfalme wa Kuzimu, anapandishwa mti wa miiba. Mwisho kabisa inarudi sura yake ya utotoni, taa moja imebaki, mama anaita, mtoto anafungua kinywa. Mama, na binti akishakua, walisemewa na Sawing. Mfalme wa Kuzimu na wengine wote alikuwa Prayun. Mtoto alisemewa na Rampha, amesimama juu ya kreti la soda ili aifikie maiki. Maneno yake yalikuwa mawili tu, na aliyasema vizuri hata wauza karanga wakaacha kuuza.

Sasa tunafika mwaka 1986, na hapa msomaji anaomba maji.

Rampha alikuwa ametimiza mwaka wa pili akiishi Bangkok, akishona nguo. Sawing aliugua figo, akafariki Jumatatu, tarehe 10 Machi. Prayun alimwambia mdogo wake, "Panda baiskeli uende posta. Mwandikie Rampha telegramu, mama kafariki, maziko Alhamisi." Amphai alikwenda huku analia njia nzima. Kalamu ikaandika Ijumaa.

Hata mtoto wa shule anajua kwamba kwetu maiti haichomwi Ijumaa. Jina la siku hiyo kwa lugha yetu linasikika kama neno la furaha, na hakuna amchomaye mama yake siku ya furaha. Rampha aliisoma ile telegramu akasema moyoni, shangazi kakosea, Ijumaa haiwezekani, atakuwa na maana ya Jumamosi. Akaomba ruhusa ya Jumamosi. Sisi tulimchoma mama yake Alhamisi, bila yeye, na kijiji kikanong'ona.

Alifika Jumamosi mchana na shada mkononi. Baba yake alimpita uani kama hakuna mtu. Rampha alimfuata Amphai jikoni, akamwonyesha karatasi. "Shangazi, si uliandika Ijumaa? Nikajua tu ni Jumamosi. Mwambie baba. Mimi hataki hata kunitazama."

Amphai aliichukua karatasi akaitia kwenye blauzi. Akasema, "Nitamwambia." Prayun alikuwa mkali siku hizo, amevimba macho, na Amphai aliogopa. Akajiambia atamwambia baada ya filamu.

Jioni hiyo Prayun alionyesha Taa Saba za Mama kwa ajili ya thawabu za mkewe. Sauti ya mama na ya binti alizitoa mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Ilipofika Kuzimu, Mfalme akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Jina lako nani, wewe uliyekuja majivu ya mama yako yamekwisha kupoa?" Kwa kawaida hapo binti hujibu kwa kilio tu. Prayun akajibu kwa sauti ya binti, polepole, ikatoka kwenye spika zote nne, "Rampha Saengkham, wa Non Sai."

Hakuna aliyecheka. Rampha alikuwa ameketi mkekani safu ya tatu. Akainuka. Hakupita pembeni. Alipita katikati ya mwanga, kivuli chake kikaziba pazia lote, Mfalme na miiba yake, kisha kikaondoka. Basi la mwisho lilikuwa bado lipo barabarani. Mpaka leo hajarudi Non Sai.

Kwenye maandishi haya anatajwa Amphai kwa sababu wasifu huandikwa hivyo. Lakini Amphai ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa na karatasi kwenye blauzi wakati jina la mtoto yule linatangazwa, na nilikaa nayo miaka mitano. Nyinyi mliosema Rampha hakuwa na haya, mlisema mbele yangu, nami nikatikisa kichwa pamoja nanyi. Nimekwisha kusema. Sasa narudi kwenye karatasi.

Amphai alimwambia kaka yake mwaka 1991, siku moja kaka akiipaka projekta mafuta. Prayun aliweka kopo la mafuta chini. Kisha akasema, "Hiyo karatasi unayo?" Akaisoma, akaigeuza nyuma kama vile kungekuwa na maneno mengine. Amphai akaanza kulia, anataka kwenda kuzunguka kijiji kizima nyumba kwa nyumba. Kaka akamkataza. "Usimwambie mtu. Jina lililopita kwenye spika ni kosa la mwenye maiki. Nilikuwa na mdomo wa kumwuliza, nikautumia kumhukumu." Amri hiyo Amphai ameivunja leo, na anamwomba marehemu radhi.

Prayun alikwenda Bangkok mara tatu kumtafuta Rampha. Alizunguka viwanda vya nguo na picha ya mtoto aliyesimama juu ya kreti. Akarudi mikono mitupu, na mara ya tatu akarudi na homa.

Kufikia hapo filamu zilikuwa zinakuja na sauti zake, na watu wana televisheni. Kazi iliyobaki ilikuwa ya madhabahu. Mtu akimwomba Babu Mlinzi, roho mwenye madhabahu kule wilayani, akapata alichoomba, humlipa nadhiri kwa filamu. Viti vinapangwa mbele ya pazia kwa ajili ya Babu na wenzake, na aliye hai haketi. Wenye magari wengine huwasha mashine wakalala. Prayun alizima sauti ya filamu akasema mwenyewe, kila neno, mbele ya viti ishirini vya plastiki visivyo na mtu. Amphai alikwenda naye kumpikia wali wa kunata, na anakiri kwamba alikuwa akigeuka upande mwingine, maana kumtazama kulimshinda.

Mwaka 1998 Mzee Heng, mtunza madhabahu, alimletea agizo la Taa Saba za Mama, tarehe 15 Machi. Mwaka uliofuata likaja tena, tarehe ile ile. Na uliofuata.

"Nani huyu mwenye nadhiri?" Prayun aliuliza.

"Hataki jina."

"Basi ni Babu mwenyewe," Prayun akasema. "Ananichapa." Na hakukataa hata mwaka mmoja.

Mwisho wa filamu aliubadilisha. Mfalme wa Kuzimu akimfikisha binti mtini, alisimama akauliza, "Mkosaji ni yupi?" Halafu likaja jibu la mtu asiyeonekana kwenye picha. "Ni mimi, baba yake. Mshushe. Alikuja. Rampha, mwanangu, ulikuja, mimi ndiye sikukupokea." Kisha mama anaita, "Uko wapi?" na mtoto anafungua kinywa, na Prayun ananyamaza. Midomo ya mtoto ilicheza bila sauti. Kila mwaka.

"Mbona mtoto humsemei?" Amphai alimwuliza safari moja. "Umesemea mpaka mbwa."

"Ile si yangu," akasema, akaanza kukunja nyaya.

Mwezi wa Agosti 2022 sauti ilianza kukwaruza. Hospitalini walimkuta na uvimbe kooni. Daktari, kijana mpole, alimweleza kwamba wakiondoa koromeo mapema ataishi miaka mingi tu, ila hatasema. Prayun akamwuliza, "Na Machi je?" Daktari hakuelewa. Amphai alielewa, akamgombeza pale pale mbele ya manesi. "Kaka, una wazimu? Unataka kufa kwa ajili ya viti?"

"Mdogo wangu," akasema, "nikikaa kimya, akipita atajuaje kwamba nilimwomba radhi?"

Hakuna aliyemweza. Alisemea filamu ya Machi 2023, na akaisemea ya Machi mwaka huu kwa mnong'ono, maiki imegusa meno, damu kidogo kwenye kitambaa. Mfalme wa Kuzimu alisikika kama mtu mgonjwa anayeomba maji. Alimaliza. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, Amphai akiwa amekwenda kuinjika wali. Zilikuwa zimebaki siku tatu atimize miaka themanini.

Wasifu ungeishia hapo. Lakini jana mchana Mzee Heng alikuja na shada, akakaa sana bila kunywa chai yake, mwisho akasema, "Bi Amphai, nina jambo linanikaba. Yule mwenye nadhiri ni mwanamke. Kila mwaka anakuja kwa basi kutoka Korat, anakaa nyuma ya ukuta wa jiko la madhabahu, anasikiliza mpaka mwisho, anaondoka kabla taa hazijawashwa."

Amphai aliuliza kama hakuwahi kumwambia atoke.

"Mwaka wa kwanza nilimwambia toka, mama, ukakae na mtu huyo, yuko peke yake. Akaniambia, 'Sauti yake naiweza, Mzee. Uso wake bado siuwezi.' Nikanyamaza, maana nadhiri ni ya mtu."

"Na mwaka huu?"

Mzee Heng aliinamisha kichwa. "Mwaka huu alilia. Alisema, 'Anaumwa huyu.' Akaniambia nimwekee kiti. Mwakani atakaa mbele."

Kwa hiyo, ndugu zangu, kwa miaka ishirini na sita yule aliyesema na viti vitupu alikuwa anasikika, na hakujua. Amphai amelia usiku kucha kwa sababu hiyo, na hataki mtu amfariji. Mzee Heng amempa dereva wa basi la Korat ujumbe. Kama umefika, hatujui. Kwenye ujumbe kumeandikwa Alhamisi, mara mbili.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake na mkewe, Sawing. Ameacha binti mmoja, Rampha Saengkham, mwenye miaka hamsini na saba, anayetajwa hapa wa kwanza kwa sababu ndiyo nafasi yake, mdogo mmoja, Amphai, wapwa wanne, na projekta moja ambayo bado inafanya kazi ukiipiga ubavuni.

Jioni ya leo, baada ya moto, tutaonyesha Taa Saba za Mama hapa uwanjani, nanyi mketi wote, hii si ya Babu. Amphai atajaribu kusema sauti za watu, mtamcheka. Kiti kimoja cha mbele hakikaliwi. Juu yake itawekwa maiki, imewashwa. Mama akiuliza, "Uko wapi?" Amphai atanyamaza, nanyi mnyamaze, hata mtoto asikohoe, mpaka mkanda uishe wenyewe.

Kaka Prayun, umeita vya kutosha. Pumzika sasa, usikilize.